Dereva Wetu wa Eldas na Breki Zake

Miaka niliyofanya kazi upande wa Eldas, kila asubuhi nilimkuta mtu mmoja amechutama kando ya gurudumu. Ametoka kuswali, kikoi amekikunja mpaka magotini, kofia nyeupe kichwani, na kidole cha shahada amekiingiza ndani ya rimu ya gurudumu la mbele. Akikitoa, alikitazama kwenye mwanga. Vumbi jekundu la barabara hakulijali. Alikuwa anatafuta ule unga mweusi unaobaki breki inaposagika, na alitaka kujua kama gurudumu la kushoto limeacha unga mwingi kuliko la kulia. Kisha alikinusa kidole. Wagonjwa waliowahi foleni walizoea. Wageni walidhani ni sehemu ya dua yake.

Mimi nilikuwa muuguzi, mtu wa Mwingi niliyepelekwa huko bado kijana. Yeye alikuwa dereva wa ambulensi ya kituo chetu kidogo cha afya. Mbele ya wakubwa tulimwita dereva. Tukiwa wenyewe nilimwita adeer, kama watoto wa pale wanavyomwita ami yao. Naye aliniita daktari, ingawa nilimweleza mara nyingi kwamba mimi si daktari.

"Unatibu watu?" aliniuliza siku moja.

"Natibu."

"Basi. Nyamaza."

Hivyo ndivyo alivyokuwa na watu: mkato. Kwa chuma alikuwa na subira ya ajabu. Angeweza kukaa na nati moja iliyoshika kutu mpaka chai yake ikapoa, akiibembeleza kwa mafuta na maneno ya Kisomali ya upole ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia binadamu. Lakini mtu akichelewa kupanda gari, au akimuuliza swali mara mbili, alifoka hadi mbuzi wakahama kivulini.

Kiswahili chake alikiokota akiwa utingo wa malori ya mifugo, kati ya Takaba na soko la Garissa. P kwake mara nyingi ilikuwa b, v ikawa f, na ngeli aliziacha zijipange zenyewe. Hakuna siku niliyoshindwa kumwelewa.

Somo la kwanza la breki alinipa bila mimi kuliomba. Tulikuwa tunarudi na chanjo, nami nikasikia mluzi mwembamba kila alipopunguza mwendo. Nikamuuliza ni ndege gani huyo.

"Hiyo ni bedi," akasema. "Inalia. Kulia ni nzuri. Inakuambia mimi naisha, nitafutie mwenzangu. Ikiacha kulia ianze kusaga, hapo imeshakufa. Sasa ni chuma na chuma."

Tulipofika alilitoa gurudumu akanionyesha. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pedi ni vibamba viwili, kimoja ndani na kimoja nje, vinavyoibana ile sahani mtu anapokanyaga breki, huku koleo la chuma likivishikilia. Kibamba kikikaribia kuisha, ulimi mdogo wa chuma hugusa sahani na kupiga ule mluzi. Alinishika kidole akakipitisha kwenye ukingo wa diski nilisikie tuta lililoinuka pale ambapo pedi haifiki. "Hapa ilikuwa sawasawa zamani," akasema. "Yote hii imeliwa. Bedi inakula diski, diski inakula bedi. Wanakulana kidogo kidogo, sisi tunafika nyumbani."

Kisha akaniambia jambo alilolirudia miaka yote: "Bedi ya nje kila mtu anaona. Ya ndani ndiyo inaua."

Kwa sababu hiyo hakuwahi kutazama tu kwa nje. Pini zinazolifanya lile koleo liteleze zikikwamishwa na mchanga, kibamba cha ndani huliwa peke yake huku cha nje kikionekana kipya. Na nchi ile ina mchanga wa kutosha kukwamisha kila kitu. Kwa hiyo alizichomoa pini, akazifuta, akazipaka grisi, akazirudisha. Pedi akizibadilisha, alibadilisha za magurudumu yote mawili ya mbele, hata kama upande mmoja bado unafaa, ili gari lisivute upande. Siku ya pedi mpya hakubeba mgonjwa mpaka aliendeshe peke yake kwenye uwanja wa ndege wa vumbi, akikanyaga taratibu, akiachia, akikanyaga tena, mpaka pedi na diski, kama alivyosema, zijuane.

Mlinzi wetu, mzee mnyamavu aliyependa usafi, alimfanyia dereva kisa kilichochekesha kituo kizima. Gari lilikuwa limeingia kutoka safari ndefu, magurudumu yanatoa joto kama jiko, naye mlinzi akaja na ndoo ya maji baridi. Dereva alikuwa ameshavua viatu anyooshe miguu. Alipoiona ile ndoo alikimbia pekupeku juu ya mchanga wa saa nane, akipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka. Aliikumbatia ndoo, maji yakammwagikia yote kifuani.

"Diski moto humwagii maji!" alihema. "Inajikunja! Kesho nikishika breki, usukani inatetemeka kama mgonjwa wa malaria!"

Mlinzi alimtazama alivyolowa, akamwambia kwa utulivu, "Angalau wewe umepoa." Hawakusemezana mpaka Ijumaa.

Siku tulizofika Garissa kuchukua dawa, nilimsindikiza kwenye maduka ya vipuri, nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo joto hutoka juu na chini kwa pamoja. Hakuamini boksi hata liwe zuri vipi. Alifungua, akaigonga pedi kwa ukucha, akainusa, akaibonyeza ukingo kwa dole gumba. Siku moja ukingo ukamegeka kama biskuti. Muuza duka, kijana mwenye nywele za Nairobi, akaruka: "Mzee, si hivyo bana! Umeniharibia mali!"

"Mimi nimeharibu moja," dereva akajibu. "Hii ingine ukiuza, utaharibu watu." Akaiweka juu ya meza kwa adabu, akatoka, tukaenda duka la jirani kuanza upya.

Watu walimtungia hadithi. Wengine walisema aliwahi kupinduka na lori zima la ng'ombe, wengine kwamba alimuua ndugu yake. Mtu hawezi kuwa mwangalifu hivyo bila kaburi nyuma yake, walisema. Mwisho nikamuuliza. Tulikuwa tumesimama barabarani kungoja kundi la ngamia livuke, naye alikuwa anawatukana, kama kawaida. Ukoo wake wote ni wafugaji wa ngamia, alikunywa maziwa yao asubuhi na jioni, lakini barabarani aliwaogopa kuliko majambazi. Nchi yetu haina mlima hata mmoja wa kumchosha dereva, alikuwa akisema, kwa hiyo Mungu ametupa ngamia.

"Adeer," nikamwambia, "uliwahi kupata ajali?"

"Hapana."

"Sasa mbona unahangaika hivi na breki?"

"Mimi naogopa tu," akasema. "Mtu hawezi kuogopa bila sababu? Nyuma kuna mgonjwa, hawezi kuruka. Mimi naogopa kwa niaba yake."

Lakini mwili wake mwenyewe hakuuogopea hata kidogo. Nilimwona akishika kisogo asubuhi, akifumba macho akipanda gari. Nikamwomba anipe mkono nimpime presha.

"Sina bresha. Sisikii kitu."

"Hata pedi ya ndani haisikiki, adeer."

Alicheka mpaka akakaa chini. Hilo alilipenda, alilisimulia kwa kila mtu pale kituoni. Mkono hakunipa.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Ilikuwa baada ya mvua. Gari lilikuwa limeazimwa kwa kampeni ya chanjo, likaendeshwa na mtu mwingine vijijini siku kadhaa, na lilirudishwa asubuhi hiyo hiyo likiwa na tope hadi kwenye vioo. Kabla dereva hajalizunguka hata mara moja, aliletwa mama mjamzito, amebebwa kwenye mkokoteni wa punda. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi. Nilipompapasa tumbo nikajua mtoto amelala kingamo, kwa upana, na hakuna namna angetoka pale kwetu. Ilikuwa lazima afike Wajir, apasuliwe. Mama mkwe wake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, alipanda naye nyuma, na mimi pia.

Dereva alichutama kando ya gurudumu la mbele, akapitisha kidole, akakitazama. Nikamwita kwa ukali. Akapanda. Alichosema ni hiki tu: "Hii gari imelala na mtu mwingine."

Hatukufika mbali sana. Tulipopita laga, mto mkavu uliokuwa bado na tope, alikanyaga breki, na chini yetu kukatoka sauti ambayo mpaka leo meno yangu yanaikumbuka. Chuma na chuma. Alikanyaga tena, taratibu, na gari likavuta kushoto. Akasimama kando, akazima injini.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Bedi ya ndani imekwisha. Nabadilisha."

Mama mkwe alielewa kabla sijageuka. Alimpigia kelele kwa Kisomali, maneno mengine nilikuwa nayajua na mengine afadhali nisingeyajua. Mgonjwa alikuwa amening'ang'ania mkono, macho ameyafumba. Nilishuka nikamfuata dereva, ambaye tayari alikuwa ametoa jeki.

"Adeer, nakuomba. Huku ni tambarare. Twende tu pole pole, utumie gia."

"Bole bole hatafika."

"Basi twende mbio!"

"Mbio bila kusimama?" Hakuniangalia. "Daktari, wewe angalia mgonjwa. Mimi niangalie gari."

Alikuwa na pedi kuukuu, zilizobakiwa na nusu ya unene wake, alizokuwa amezifunga kwenye kitambaa chini ya kiti. Alilitoa gurudumu. Diski ilikuwa ya moto na imechorwa mifereji kama shamba lililolimwa. Alipolilegeza koleo, mkono ulimteleza ukaigusa, na nikaisikia ngozi ikiungua. Hakuuondoa mpaka boliti ikatoka. Aliisukuma ndani pistoni, ule mtungi mdogo unaozisukuma pedi, kwa kipande cha pedi iliyokufa, akachomoa pini, akaifuta tope kwa ncha ya kikoi, akapachika vibamba, akafunga. Upande wa pili akafanya vilevile. Hapo nilitaka kumpiga. Upande wa pili ulikuwa haujasaga! Mama mkwe alishuka akasimama juu ya kichwa chake, akamwambia kwamba akifa mtoto, damu yake itakuwa mikononi mwake. Akamwambia mara mbili ili asikie vizuri. Dereva aliendelea kukaza nati. Kisha alipanda, akakanyaga pedali tena na tena bila kuwasha, mpaka ikawa ngumu chini ya mguu, akaliwasha.

Aliendesha kama sijawahi kumwona akiendesha. Nami nilikuwa nachungulia mbele, nikiomba, naona aibu kusema, angalau ngamia mmoja avuke. Mmoja tu, ili atulazimishe kusimama, ili ile saa tuliyoiacha kando ya barabara iwe na maana. Hakuvuka hata mbuzi. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu mpaka tulipoziona nyumba za Wajir.

Mama aliokolewa. Mtoto alitolewa amekufa.

Daktari aliyempasua aliniambia kwamba mtoto alikuwa ameshakufa muda mrefu, labda tangu usiku uliopita, kabla hata hawajampakia mama mkokotenini. Kwa kweli mimi pia pale kituoni nilikuwa nimetafuta mapigo ya moyo wake, nikadhani nimeyasikia, na sikuwa na hakika. Nilitoka nje nikamkuta dereva amekaa kwenye ukuta, ule mkono ulioungua ameuweka pajani, kiganja juu. Nikamweleza yote. Nikamwambia hakuna kilichobadilika kwa sababu ya kusimama kwetu.

"Wewe unajua," akasema. "Mimi sijui."

Nilimfunga bendeji mkononi. Hiyo ndiyo siku pekee aliyowahi kuninyooshea mkono bila kubishana.

Hakujitetea kwa yeyote. Pale Eldas watu waligawanyika. Wapo walioacha kumwitikia salamu kwa muda. Mambo mawili tu aliyabadilisha. Tangu siku hiyo hakukagua breki asubuhi tu. Alizikagua na jioni, magurudumu yote manne, kabla jua halijazama, ili mgonjwa wa alfajiri asije akamkuta hajalijua gari lake. Na gari lilipoazimwa, alikwenda nalo. Mkubwa mmoja akimwambia apumzike amwachie mwingine, alichukua godoro lake akalitupa nyuma ya gari, mazungumzo yakaisha.

Yule mama alipata mimba nyingine baadaye. Safari hii alikuja mapema, akitembea kwa miguu yake, na tulipomwambia lazima akajifungulie Wajir, alikuwa na sharti moja. Alitaka dereva yule yule. Nilimuuliza kwa nini, maana palikuwa na gari jipya limeletwa, na dereva kijana.

"Yule anayesimama," akajibu.

Mama mkwe naye alipanda. Mtoto alizaliwa hai, msichana mwenye hasira, sauti yake ilifika mpaka kwenye maegesho. Mama mkwe alitoka wodini na kibuyu cha maziwa ya ngamia, akakiweka juu ya boneti ya gari, akaenda zake. Dereva alikitazama muda mrefu kabla ya kukigusa. Alikunywa akiwa ametugeuzia mgongo.

Nilihamishiwa Garissa baada ya hapo. Kwa miaka kadhaa kila ambulensi yenye tope la kaskazini iliyovuka daraja la Tana niliitazama kwanza kwenye kiti cha dereva. Mara chache alikuwa yeye. Tulikunywa chai ya tangawizi, akanifokea kwa kunenepa, akaondoka. Kisha akawa haji. Nikasikia amestaafu, amerudi kwa binti yake Rhamu, kwenye shamba karibu na mto Daua. Baadaye nikasikia ameanguka. Kiharusi. Nilipoambiwa nilikuwa wodini na kipimo cha presha mkononi.

Kuna vitu vya kijinga mtu hukumbuka. Ninapanda magari ya watu wengi sasa, madereva wazuri, wenye adabu kuliko yeye, na wakishika breki mimi hunyamaza kusikiliza. Gari likisimama sawasawa, bila mluzi, bila kutetemeka, ndipo hunijia uchungu. Nataka mtu aseme kitu kuhusu hilo. Hakuna anayesema.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Mandera, na wakati wa kurudi msafara wetu ulisimama Rhamu kungoja magari ya polisi ya kutusindikiza. Nilimwomba dereva wetu anipeleke mtoni mara moja. Shamba tulielekezwa na kila mtu. Vitunguu, migomba michache, pampu ikinguruma. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye kivuli cha nyumba, mdogo kuliko nilivyomweka akilini, mkono wa kulia umelala mapajani. Binti yake alinikaribisha kwa Kisomali, nami nikamjibu kwa hicho kidogo nilichobaki nacho.

"Adeer," nikasema. "Ni mimi. Daktari wa Eldas."

Alinitazama. Uso ulinyanyuka upande mmoja. "Umenenepa," akasema.

Tukacheka, na mimi nikawa nafuta macho. Maneno yalimtoka taratibu, yakijikwaa, lakini yalitoka. Nilitegemea aulizie gari langu, au ainuke na fimbo akayatazame magurudumu. Hakuligeukia. Aliuliza kama mama yangu yuko hai, kama mvua imenyesha Mwingi, kama bado nasali kanisani. Kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa:

"Ile siku, daktari. Uliona mimi nimekaa chini na sbana. Ulifikiri sina haraka."

"Sikufikiri hivyo, adeer."

"Ulifikiri. Lakini roho yangu ilikuwa imefika Wajir zamani. Ilifika, ikarudi, ikasimama juu yangu, inasema haraka, haraka. Mkono tu ndiyo ilikataa."

Nilishika ule mkono uliokufa, na chini ya vidole vyangu kovu la diski lilikuwa bado laini.

Polisi walipiga honi barabarani. Msafara ukiondoka bila wewe, pale huna safari. Niliinuka. Naye akainuka, binti yake akastuka, maana, alinieleza kwa ishara, baba hakuwa amefika langoni tangu mavuno. Alitembea mpaka kwenye gari, akiburuta mguu. Nikapanda. Alishika mlango, nikangoja aufunge, hakuufunga. Dereva wangu alinitazama kupitia kioo. Honi ikalia tena.

"Niambie safari njema, adeer."

"Ngoja," akasema. "Sema kidogo kwanza."

"Niseme nini?"

"Kitu chochote. Hapa wote ni Kisomali tu. Watoto wanajua ile ya shule, lakini hawana wakati na mzee. Tangu nikuje hakuna mtu wa kuongea Kiswahili na mimi. Inaniishia, daktari. Sema."

Nikaanza kusema. Nilimwambia mvua ya Mwingi ilichelewa lakini ilikuja, mbaazi zimezaa, paa la jikoni kwa mama linavuja na fundi amekula hela akahama. Nilimwambia Garissa joto ni lile lile, wameweka lami mpaka mlangoni kwangu na vumbi halijapungua. Nilisema upesi, chochote kilichokuja, huku honi zikilia nyuma yetu. Naye alisimama ameushika mlango kwa mkono wake mzima, kichwa amekiinamisha karibu, akirudia maneno kwa midomo bila sauti, moja baada ya jingine: mbaazi, paa, fundi, lami.